Valvu Iliyofungwa Waya

Mdogo wake alipokuja kumtafuta, yeye alikuwa amelala chali chini ya boila ya kiwanda cha kufulia nguo. Miguu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana.

"Namtaka fundi wa boila," kijana alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufunguliwa milango. "Mwenye leseni."

"Unaongea na miguu yake."

Alijivuta nje, masizi hadi kwenye nyusi. Kijana akatoa macho. Hawakuwa wameonana kwa miaka saba.

Walikuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba yao alikuwa na kiwanda cha sabuni chenye wafanyakazi mia mbili. Binti alikuwa wa mke wa kwanza, ambaye alishafariki. Kijana alikuwa wa mke wa pili, ambaye binti alimwita mama mdogo. Tangu utotoni binti alipenda chumba cha boila, na alipomaliza shule akakabidhiwa kukiangalia. Juu ya boila kuna valvu ya usalama: mvuke ukizidi, hufunguka yenyewe na kupiga mluzi. Mdogo wake, meneja mpya mwenye haraka ya kumfurahisha baba, aliuchoka mluzi ule. Akapanda na koleo, akaifunga valvu kwa waya. Kesho yake bomba likapasuka, na mvuke ukamuunguza mama mmoja wa upakiaji, kiganja hadi kiwiko.

Jioni ile waliitana sebuleni. Baba hakuuliza nani alifunga waya. Aliuliza nani alikuwa zamu.

"Wewe ni msichana," mama mdogo alimwambia, huku akimmiminia chai kama anayempa habari njema. "Utaolewa, watu watasahau. Mwenzako ndiye atakayeshika kiwanda."

Wakaandika barua kwamba uzembe ulikuwa wake. Aligoma kutia sahihi. Ilibandikwa vivyo hivyo kwenye ubao wa matangazo, na asubuhi akalikuta begi lake limewekwa barazani, limefungwa vizuri kabisa. Ikambidi ajikaze kisabuni, na kwa mtoto aliyelelewa na sabuni hilo halikuwa geni. Akaenda kujifunza kwa fundi mmoja mkongwe aliyehudumia boila za hospitali. Miaka minne alibeba spana tu. Mwaka wa tano akapata leseni.

"Dada, mkaguzi wa boila ametufungia kiwanda," kijana alisema sasa. "Anataka fundi arekebishe na atie sahihi. Mjini mko wawili tu, na yule mzee wenu ametibiwa macho juzi."

"Baba anajua umekuja kwangu?"

"Hata mimi nilikuwa sijui kwamba fundi ni wewe."

"Basi twende."

Boila ilikuwa imepoa. Alipanda ngazi na tochi, akafika kwenye valvu, akasimama. Waya ulikuwepo. Haukuwa ule wa zamani; huu ulikuwa mpya, unang'aa, umezungushwa mara tatu. Hakuukata. Alishuka, akanawa mikono, akapanda hadi ofisini kwa baba yake.

Baba alikuwa amekonda, fimbo kando ya kiti. Mama mdogo alikuwa dirishani.

"Kumbe ni wewe," baba alisema. "Haya. Rekebisha, tia sahihi, halafu tutazungumza. Chumba chako bado kipo."

"Ninacho chumba, baba. Valvu imefungwa waya tena. Safari hii nani alikuwa zamu? Maana mimi sijakanyaga hapa miaka saba."

Mdogo wake, aliyemfuata hadi humo, akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Hayo tuyamalize humu humu ndani," mama mdogo alisema.

"Barua yangu mliibandika nje."

Baba alikohoa. "Unataka nini?"

"Useme ukweli mbele ya wafanyakazi."

"Na nikikataa?"

"Valvu nitabadilisha tu. Wale walioko chini hawajanikosea. Ila ukweli nitausema mwenyewe, na nitausema sasa hivi. Sikupanda huku kuomba ruhusa."

Akageuka, akashuka. Wafanyakazi walikuwa wamekaa uani, kazi hakuna. Akasimama juu ya kreti tupu, akawaeleza yote: waya wa kwanza, waya wa pili, barua. Mtu mmoja akacheka kwa dharau, akauliza ushahidi uko wapi.

Mama wa upakiaji akainuka. Mkono wake wenye makovu haukunyooka tena sawasawa.

"Mimi nilimwona kijana akishuka na koleo," alisema. "Nilikaa nikingoja kuulizwa. Hakuna aliyeniuliza."

Hapo fimbo ikasikika kwenye ngazi. Baba alishuka polepole, akasimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Anasema kweli," alisema. "Aliyefunga ni mwanangu wa kiume. Nilijua siku ile ile."

Siku ile ile. Miaka yote hiyo binti alikuwa amejiambia kwamba baba alidanganywa, kwamba akijua tu, atamtafuta. Akashuka kwenye kreti, akaenda kuchukua spana zake.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alifunga valvu mpya, akaijaribu mpaka ikapiga mluzi uliowafanya watu waliokuwa barabarani wageuke. Kisha akatia sahihi. Mdogo wake alikuwa ameshaondolewa umeneja.

"Shika wewe kiwanda," baba alimwambia. "Ni haki yako."

"Ilikuwa haki yangu nilipokuwa nakihitaji. Sasa nina kazi. Nitakuja kila miezi sita kukagua, na nikikuta waya, namwita mkaguzi afunge kiwanda kizima. Ukikosa usingizi kwa hilo, mtafute fundi mwingine."

"Hakuna mwingine, ila yule mzee mwenye macho mabovu."

"Ndiyo hivyo."

Mama wa upakiaji alimsindikiza binti nje, amembebea mfuko mmoja wa vifaa kwa mkono ulio mzima.

"Umekawia, mwanangu."

"Nilikuwa najifunza kazi, mama."