Bagia za Krismasi Nyumbani kwa Modesti

Mchana wa mkesha wa Krismasi, Otilia alimwaga kwenye ungo maharage aliyoletewa na Fortunata, akayakuta yameliwa na wadudu. Karibu kila punje ilikuwa na tundu, na kila alipopepeta, vumbi jeupe lilimwangukia miguuni. Yaliyosalimika yalijaza kikombe cha chai tu. Sokoni watu walikwisha kufunika meza zao, maana mvua ilikuwa imeshika tangu asubuhi na baridi ya Sumbawanga ilikuwa imeingia hadi ndani ya nyumba. Kesho yake, baada ya misa, wageni wa Fortunata wangekuja wakitegemea bagia.

Chini ya kitanda cha Otilia kulikuwa na kibuyu cha mbegu. Alikivuta, akakipakata, akakaa nacho kwa muda. Kisha akakizibua, akayamimina maharage kwenye beseni, akayaosha jivu lililoyakinga na wadudu, na kuyaloweka.

Yalikuwa mavuno ya mwisho ya shamba lake, kando ya barabara ya kwenda Kate. Shamba lenyewe sasa lilikuwa ndani ya uzio wa kampuni ya ngano. Trekta lilipoingia, mume wake, Felisian, aliteremka bondeni Kaoze kutafuta ardhi nyingine, akaipata, na baada ya muda akapata na mke mwingine. Alimtumia Otilia ujumbe kwamba nafasi yake ipo. Otilia alijibu kwamba hawezi kwenda kukaa mbali na mtoto. Mtoto huyo, Nestory, alikufa kwa surua kabla hajaanza shule, wakamzika katikati ya shamba, mahali palipoinuka kidogo ili maji ya mvua yasimlalie. Tangu siku hiyo walipanda maharage kulizunguka kaburi, na katikati wakapaacha peupe pakifagiliwa. Watu waliendelea kumwita Otilia Mama Nesto, naye aliendelea kuitika.

Mjini alipanga chumba, akawa anauza bagia stendi ya mabasi. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshafika hata huku. Watu waliozoea kupanga foleni ya sukari sasa waliikuta madukani, pamoja na mafuta ya kupikia ya kopo, sabuni za kunukia, soda za kila rangi na makoti ya mitumba yaliyowafaa sana watu wa Ufipa. Modesti, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chao, naye alihamia mjini. Alinunua lori, akajenga nyumba yenye sebule kubwa iliyosakafiwa kwa saruji nyekundu, inayong'aa kama imepakwa samli. Watu bado walimwita Mwenyekiti.

Mkewe, Fortunata, alikwenda Dar es Salaam kwenye arusi ya ndugu yake, akaona jambo lililompendeza. Kule wageni hawakuachwa wakae wakisikiliza matumbo yao hadi chakula kiive. Walipitishiwa sinia la vitu vidogo vya kutafuna, kila kimoja kimechomekwa kijiti. Aliporudi akamfuata Otilia stendi.

"Mama Nesto, nataka bagia ndogo. Ndogo kabisa, mtu atie mdomoni mara moja. Si kazi ngumu hiyo, eti?"

"Si ngumu, mama. Ni kitu chepesi."

Otilia alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Kwa muda mrefu alikuwa akimwomba Modesti amsemee kwa msimamizi wa kampuni, aruhusiwe kuingia ndani ya uzio mara moja kwa mwaka akapalilie kaburi. Modesti hakuwahi kukataa. Alisema ana safari, au ana mgeni, na mwisho akasema, "Njoo sikukuu, tutaongea." Otilia aliamini kwamba alisahau tu. Mwenyekiti ana mambo ya watu wengi kichwani, na kampuni ilipouliza kama eneo lile lina makaburi, naye akajibu kwamba hakuna, bila shaka kaburi dogo namna ile lilimtoka akilini. Mtu aliyesahau hukumbushwa kwa upole, siku njema, akiwa ameshiba.

Asubuhi ya Krismasi alikwenda kupikia uani kwa Fortunata. Maharage yalikuwa yamelainika vizuri. Aliyasugua kwa viganja hadi maganda yakaelea, akayamwaga maganda, akasaga maharage kwenye mashine ya kusagia nyama, mara ya kwanza na mara ya pili. Akatia kitunguu, kitunguu saumu, pilipili, giligilani na chumvi, kisha akaupiga ule mchanganyiko kwa mkono hadi ukawa mwepesi na kuingiwa na hewa. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Huona uvivu kupiga, na bagia zinakuwa kokoto. Mafuta ya alizeti yalipochemka, alianza kudondosha vidonge vidogo kwa ncha za vidole.

Bagia zilielea, zikageuka rangi, na zilipokaribia kuiva zikatoa mizizi. Ilikuwa mizizi myembamba, myeupe, mirefu kama kucha. Otilia aliziopoa, akaing'oa mizizi moja moja, akazipanga kwenye karatasi zichuje mafuta.

Fortunata alitoka jikoni na bakuli la chachandu ya nyanya, akasimama akatazama.

"Zinaota."

"Ndiyo, mama. Ni mbegu hizi."

"Toa mizizi yote basi, wageni wasije wakakwama kooni. Na vijiti usisahau."

Wageni waliingia baada ya misa wakikung'uta miavuli. Alikuwapo Sebastiani, katekista, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye zamani alifundisha dini kijijini kwao. Alikuwapo Azizi, mwenye mabasi ya Namanyere, jirani wa Modesti. Yeye alikuja kila Krismasi, kama Modesti alivyokwenda kwake kila Idi. Wengine walikuwa wafanyabiashara wenzao na wake zao, na vijana wachache waliokaa karibu na redio kaseti. Modesti alikaa kwenye kiti chake kikubwa cha mbao katikati ya sebule, amevaa koti la sufu, akimpa mkono kila anayeingia.

Otilia alipitisha sinia. Watu walizishika bagia kwa vijiti, wakacheka kidogo kwa ugeni wa jambo lenyewe, wakala.

"Tamu," Azizi alisema. "Nani kapika?"

"Mama Nesto," Fortunata alijibu.

Hazikupita dakika nyingi, mke wa mfanyabiashara mmoja akajifuta mdomo, akaona kijani kwenye kitambaa chake. Jani changa la harage lilikuwa limechomoza pembeni mwa midomo yake. Alilichuma, akalitafuna. Majani ya maharage ni mboga kama mboga nyingine. Wengine nao walichuma yao. Zile bagia zilizobaki sahanini zilipasuka, zikatoa miche, na miche ikateremka mezani hadi sakafuni. Vijana wakainua miguu ili ipite. Ile saruji nyekundu ilitoa nyufa ndogo kila mahali miche ilipogusa, na mizizi ikazama humo.

"Saruji hii walichanganya mchanga mwingi," Modesti alisema.

Miche haikutambaa ovyo. Ilijipanga kwa mistari, kutoka mlangoni hadi ukutani upande wa pili, ikiachana kwa nafasi ya jembe, kama maharage yaliyopandwa na mtu anayejua kupanda. Otilia alisimama na sinia lake tupu, akautambua mkono wake mwenyewe. Mstari wa tatu ulikuwa umepinda pale ambapo zamani alikwepa jiwe. Akaweka sinia chini.

Katikati ya sebule, miche ilifika, ikagawanyika, ikazunguka. Ilipaacha mahali peupe, parefu kiasi cha mtoto mdogo aliyenyooshwa. Juu ya mahali hapo palikuwa na kiti cha Modesti.

Redio ilikuwa bado inaimba. Kijana mmoja akaizima bila kuambiwa.

Sebastiani alitazama sakafu, akavua kofia. Azizi aliinama mbele kwenye kiti chake, akasema kwa adabu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kola yake imekunjamana:

"Bwana Modesti, nadhani umemkalia mtu."

"Najua," Modesti alisema.

"Ni mtoto?"

"Ni mtoto. Ni Nestory, wa Mama Nesto hapa. Nilimbeba mwenyewe, mimi na Felisian. Jeneza lilikuwa jepesi, nakumbuka nilimwambia Felisian asikaze sana kamba." Alimeza kilichokuwa mdomoni mwake. "Mvua ilinyesha siku ile kama leo."

Otilia aliyasikia maneno hayo yote. Alikuwa amejiandaa kumkumbusha. Maneno ya kumkumbushia alikuwa ameyapanga tangu stendi, amelainisha moja baada ya jingine. Sasa hayakuwa na kazi. Akashika ukingo wa meza.

"Mwenyekiti," alisema, "kumbe ulikuwa unakumbuka."

"Nitasahauje, Mama Nesto? Si nilikuwa mwenyekiti wenu?"

"Na kampuni walipokuuliza?"

"Niliwaambia hakuna. Wangeambiwa lipo, wangechukua eneo la kijiji kingine. Wenzetu walikuwa wanaiwania kampuni, nawe unajua." Aliyasema bila ukali, na bila kuyakwepa macho ya Otilia. "Trekta lilipita juu yake siku ya kwanza. Sikwenda kuangalia."

Hakuna aliyepiga ukelele. Mke wa Azizi, aliyekaa kando ya mumewe, alitikisa kichwa taratibu. Sebastiani aliomba kama wangeweza kusali, na Modesti akasema bila shaka, ni siku ya kusali. Wote walisimama katikati ya mistari ya maharage, wakiangalia wasiyakanyage, isipokuwa Modesti, ambaye goti lilikuwa linamsumbua. Sebastiani alimwombea Nestory kwa jina lake la ubatizo. Azizi na mkewe waliinua mikono yao, wakaomba kwa namna yao, wakajipangusa uso. Otilia aliitikia amina. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko kwa watu kumwombea mwanawe wakiwa wamelizunguka kaburi, na pamoja na yote aliyoyasikia, alipata faraja kidogo. Alilia kimya kimya, akijifuta kwa upindo wa kitenge.

Walipoketi tena, Azizi alisema, "Si umwambie msimamizi wa kampuni amfungulie geti? Ni mara moja kwa mwaka tu."

Modesti alifikiri. Kila mtu aliona kwamba anafikiri kwa dhati.

"Kampuni wanajua hakuna kaburi," alisema. "Nikiwaambia leo kwamba lipo, wataniuliza kwa nini jana halikuwapo. Na pale trekta lilipopita, mama huyu atapalilia nini? Ngano?" Akageuka kwa Otilia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata njia. "Lakini mtoto mwenyewe si ameshafika hapa? Basi mama yake naye awe anakuja hapa. Siku yoyote. Hahitaji kuomba ruhusa ya mtu. Fortunata, umesikia?"

"Nimesikia," Fortunata alisema. "Apitie mlango wa uani."

Wageni waliona ni uamuzi wa haki. Mfanyabiashara mmoja alisema wenyeviti wa namna hii hawapatikani tena. Vijana waliwasha redio, lakini kwa sauti ndogo, kwa heshima ya marehemu. Pilau ililetwa, watu wakala wakiwa wameweka sahani magotini, majani yakiwagusa vifundo vya miguu.

Otilia hakula. Aliosha sufuria uani, akamwaga mafuta machafu, akachukua kibuyu chake kitupu. Sebastiani alimfuata hadi mlangoni.

"Unataka twende wote kwa wakubwa, tukaseme?" alimwuliza. "Watu wote wamesikia."

"Wamesikia, mwalimu," Otilia alisema. "Umeona wamefanya nini?"

Sebastiani alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi ndani, maana alikuwa ameacha sahani.

Maharage yale yalichanua kabla mvua hazijaisha, yakatoa maua meupe yaliyooana vizuri na mapazia ya Fortunata. Ndani ya uzio wa kampuni ngano iliota, ikavunwa, ikapakiwa kwenye lori la Modesti. Yale ya sebuleni Fortunata aliyavuna mwenyewe akaweka akiba, na alipopata wageni tena akamwita Otilia apike. Otilia alikataa. Fortunata hakukasirika, alitafuta mwanamke mwingine, na kila alipowahadithia watu jinsi bagia zile zinavyopikwa, alisema ni kitu chepesi, ila mizizi lazima itolewe.

Otilia huja siku za Alhamisi jioni, akitoka stendi. Hupitia mlango wa uani na ufagio wake wa chelewa, humwamkia Modesti, hupalilia mistari inayohitaji kupaliliwa, kisha hupiga magoti na kufagia mahali peupe. Mara nyingine humwambia mwanawe habari mbili tatu kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida, na watu wa nyumba hawamkatizi. Kiti kiko palepale. Modesti anasema ndipo anaposikia vizuri taarifa ya habari. Ufagio unapomkaribia huinua miguu yote miwili, pamoja na lile goti bovu, na kuishikilia juu mpaka mama amalize kufagia chini yake. Kisha huishusha.