Jiwe la Perrine

Misa ilikwisha, lakini wanaume hawakutoka. Meza iliwekwa chini ya mimbari, na hakimu wa kabaila akaanza kuita majina kutoka kwenye daftari la kodi. Mfalme alikuwa ametaka malalamiko ya raia wake yaandikwe, parokia kwa parokia.

"Mjane wa Étienne Gaudin!"

"Nipo," Perrine akaitika.

Hakimu aliinua kichwa. "Mama, hili ni baraza la wanaume."

"Mheshimiwa, nikiitwa kulipa naitika. Leo pia nimeitwa."

Watu walicheka, naye akaachwa asimame nyuma. Ndani ya aproni alikuwa amebeba nusu ya jiwe la kusagia, urithi wa mama yake. Januari mtu fulani alikwenda kumsema ngomeni kwa kabaila, na watu wa huko wakaja kulivunja, kwani kusaga nyumbani kulikatazwa. Nafaka zote zilitakiwa kinuni kwa kabaila, na katika kila vibaba kumi na sita kimoja kilibaki huko. Perrine alitaka mstari mmoja tu uandikwe: mtu aachwe asage chakula chake nyumbani kwake.

Karani alisoma yaliyoandikwa. Kodi ya chumvi ilikuwemo, na ubovu wa barabara. Kuhusu kabaila, kimya.

Perrine akaenda kulitua jiwe mezani. "Na hili?"

"Hayo ni mambo ya jikoni kwako, mama."

"Ndiyo. Na jikoni kwangu ndiko mlikoingia na nyundo."

Safari hii hakuna aliyecheka, wala aliyemtetea. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowagawia unga katika baridi kali iliyopita, nao wakatazama viatu vyao vya mbao. Roho ilimuuma.

Ikafika zamu ya kutia saini. Toussaint, fundi magurudumu, alishika kalamu, akaifikiria, akaiweka chini.

"Mheshimiwa, mimi najua kuandika jina langu tu, na marehemu Étienne ndiye aliyenifundisha. Siwezi kuliweka kwenye karatasi iliyomruka mkewe."

"Usipotia saini huna sauti."

"Basi."

Daftari la malalamiko likafungwa, likaenda mjini bila jiwe na bila Toussaint.

Njiani Toussaint ndiye aliyelibeba lile jiwe. Perrine alikuwa akifuta machozi na kugomba kwa pamoja. "Umepoteza sauti yako bure, shemeji. Mjinga wewe!"

"Nimeipoteza wapi? Si umeisikia?"

Ingawa ilikuwa Jumapili, Toussaint aliwasha moto karakanani, na Perrine akaleta nusu ya pili kutoka nyumbani. Alipasha pete ya chuma, kama afanyavyo kwa gurudumu, akazivisha nusu mbili za jiwe zilizounganishwa, kisha akamwagia maji. Chuma kikabana.

Kabla jua halijazama Perrine alikuwa anasaga, na dirisha akaliacha wazi makusudi. Kijiji kizima kilisikia, hata waliotia saini. Hakuna aliyekwenda kusema ngomeni.