Walisema Wamesikia

Kokushubira Muganyizi alipofika Denmark mwaka 1995, alidhani kutunza wazee ni kazi aliyozaliwa akiijua. Dayosisi yao ya Kilutheri ilimpeleka kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee, mara tu alipomaliza chuo kikuu. Alikabidhiwa bibi mmoja aitwaye Inger, ambaye mikono ilimtetemeka. Kila asubuhi Kokushubira alimfungia vifungo vya blauzi, akamkatia mkate, akamshika mkono kwenda msalani.

Wiki ya tatu msimamizi alimwita. "Inger analalamika. Anasema unamfanya mtoto mchanga."

Alilia chumbani kwake. Kwao Kagera, kumwacha mzee ahangaike na kifungo nawe umekaa ni aibu ya ukoo mzima. Kesho yake alikaa, mikono mapajani, akamwacha Inger afunge mwenyewe. Ilichukua robo saa. Kifungo cha mwisho kilipoingia, bibi yule alimtazama kwa upole, akasema, "Sasa tunywe kahawa."

Alirudi Mwanza, Mkolani, ambako baba yake alihamia kutoka Kagera kwa kazi ya ualimu, akiamini somo lile amelimaliza. Shirika moja la visima likamwajiri kuwa mkalimani wa Jens, fundi Mdenmark. Wakavuka kwa pantoni pale Kigongo hadi kijiji kimoja cha ndani, upande wa Sengerema. Mkutanoni Jens alieleza kwamba Mzee Ndalahwa ametoa eneo bure mbele ya nyumba yake, basi kisima kichimbwe hapo. Kokushubira akatafsiri kwa Kiswahili. Wazee wakanong'onezana Kisukuma, kisha mmoja akasimama.

"Tumesikia," alisema.

"Wamekubali," Kokushubira akamwambia Jens kwa Kiingereza.

Miezi mitatu baadaye pampu iling'aa juani bila mtu. Wanawake waliendelea kuchota kwenye lambo wanamokunywa ng'ombe. Jens alikasirika, akasema watu hawa hawajui wanachotaka. Kokushubira akashuka lamboni peke yake, akamkuta Mama Maige, mke wa mtoto wa Ndalahwa, akijaza ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Maji safi yapo pale juu. Mbona hamchoti?"

Mama Maige alimtazama. "Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Pampu iko mlangoni kwa baba mkwe. Niiname mbele yake, kanga imelowa mwilini? Hata yeye anaona haya. Siku hizi anashinda shambani."

"Mkutanoni hamkusema."

"Nani alituuliza? Na wazee walijibu wamesikia. Kusikia si kukubali, mwanangu."

Wakati wa kurudi, ndani ya pantoni, Kokushubira alimweleza Jens yote. "Kosa ni langu. Nilikupa jibu ambalo hawakulitoa."

Waliposhuka, Jens alimgeukia. "Na mimi nilikuwa na haraka ya kulipokea," alisema.

Mwezi uliofuata Kokushubira alikutana na wanawake peke yao, na kisima cha pili kikachimbwa walipoonyesha wao. Lakini Kokushubira hakutulia. Ugenini alikuwa na sababu ya kukosea. Hapa alikuwa Mtanzania kati ya Watanzania. Akaomba nafasi ya shahada ya pili kule Denmark, kusomea mawasiliano kati ya watu wa tamaduni tofauti, akapata.

Baba yake, mwalimu mstaafu, aliisoma barua mara mbili. "Nilitegemea usomee sheria. Hiki nitawaelezaje watu kanisani?"

"Waambie najifunza kusikiliza, baba."

"Watasema nimekulea vibaya." Akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Mwaka 1999 alirudi kijijini kufanya utafiti, akapanga chumba kwa Mama Maige. Jioni ya kwanza aliwasalimu kwa Kisukuma wanawake waliokuja kumwona: "Mwangaluka." Wakacheka hadi wakashikana mabega. Hiyo ni salamu ya asubuhi, Mama Maige alimwambia, akampa kigoda akae, akaanza kumfundisha ya jioni.