Spika ya Nyuma Kushoto

Jumamosi moja ya mwaka 2017, Bakiri alikuwa amesimama juu ya stuli sebuleni kwake, ghorofa ya saba, mtaa wa Joubert Park, ugenini kusini mwa Afrika, akishikilia waya ili Firmin aubane ukutani. Aliitamani ile seti kwa miaka mitatu: spika tano na moja kubwa ya besi, ili timu ikifunga goli kwenye televisheni asikie watu wakishangilia nyuma ya kisogo chake. Firmin alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi siku za kazi na fundi wa sauti wikendi. Ufundi alikuwa nao, na maringo pia alikuwa nayo.

Waya zilipokwisha kubanwa, Firmin alichukua maikrofoni ndogo iliyokuja na mashine ya kuendeshea spika, akaiweka kwenye kochi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kimo cha sikio la mtu aliyekaa.

"Sasa munyamaze," akasema. "Iko inapima nyumba. Kila spika italia, mashine ijue iko mbali namna gani."

Wakanyamaza. Spika za mbele zilikuwa mita mbili na kidogo, ya nyuma kulia mita moja na nusu. Zamu ya nyuma kushoto ilifika saa nne kamili, na hapo ndipo Mwanaharusi, mkewe Bakiri, alipotokea jikoni na sinia la chai. Mwanaharusi ni mtu wa Tanga, na tangu azaliwe hajaingia mahali penye watu bila kubisha, hata kama pango la nyumba analipa yeye.

"Hodi," akasema.

Firmin akamkata jicho. Spika haikulia. Akakagua waya, akabadilisha spika, kimya. Mashine iliandika kwamba inasubiri, basi nao wakasubiri, wakanywa chai, wakamaliza na chapati. Saa sita na dakika tisa spika ikatoa mlio wake, na nyuma ya mlio ikasikika nazi ikikunwa. Kwenye skrini kukaandikwa: nyuma kushoto, kilomita 2,630.

"Hapo ni kwetu, Makorora," akasema Mwanaharusi. "Na hiyo ni mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Ina mguu uliolegea."

Mamake alifariki mwaka 2014. Mwanaharusi hakwenda kumzika, maana kibali chake cha kuomba hifadhi, kinachoongezwa miezi sita sita, ukivuka nacho mpaka kimekufa na wewe hurudi. Habari alizipata kwa simu, mikono yake ikiwa kwenye nywele za mteja, akamalizia kusuka. Mama aliondoka hajaombwa radhi na bintiye.

"Kumbe haiko kosa ya waya," akasema Firmin, na uso ukamchangamka. Akaeleza kwamba sauti si kama simu, sauti inakwenda kwa miguu yake, na kwa mwendo huo Tanga ni saa mbili na dakika tisa, kwenda tu. Tatizo ni kwamba mashine inazichelewesha spika zote zisubiri ile ya mbali, ili sauti zimfikie mtu pamoja. Picha zitatangulia, sauti zitafuata baada ya saa mbili na dakika tisa. "Ama nikate ile ya nyuma, Papa Bakiri. Zingine zitaenda sharp, bila kuchelewa."

Bakiri aliitazama seti yake. Kisha akamtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa ameketi kando ya maikrofoni, amejitanda kanga.

"Iache," akasema.

Saa nane na dakika kumi na nane mama akaijibu ile hodi.

"Karibu. Karibu, mwanangu. Mbona wabishia mbali hivyo?"

Mwanaharusi akalia, wala hakujificha. Akaisogelea maikrofoni. "Shikamoo, mama. Niwie radhi. Sikuja kukuzika, kibali kilinizuia." Kisha akaenda kupika, kwa kuwa jibu lilikuwa la saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane.

Likaja dakika hiyo hiyo. "Marahaba. Nimekuwia radhi mie, duniani na akhera. Siku ile waliponiosha nilikutafuta kwa macho, sikukuona, nikajua una lako lililokushika. Ila njoo unisomee hitima, mwanangu, nami nikuone."

Mwanaharusi alifurahi hata akaunguza wali, na usiku ule wakala ukoko wakicheka.

Jumapili Bakiri alitazama mpira kimya kimya, magoli matatu. Majirani walikuja mara mbili, mara ya kwanza kuona na mara ya pili kusikia, na mara zote walikunywa chai. Bakiri alikiri kwamba hajapata kufurahia goli lile lile mara mbili kwa siku.

Jumanne, saa mbili asubuhi, Mwanaharusi akaiambia maikrofoni, "Mama, naenda kuomba ruhusa ya kuja huko wiki tatu," akatoka kwenda ofisi ya vibali. Foleni siku hiyo ilikuwa na huruma. Karani alimsikiliza habari yote, ya radhi na ya spika, huku akiandika. Akauliza kama marehemu anasikika vizuri. Mwanaharusi hakulelewa kusema uongo, akajibu kwamba anasikika vizuri sana, hata pumzi.

"Eish, mama, una bahati," akasema karani. "Sasa kama mnaongea, safari ya nini?"

Akaandika kwenye fomu: mwombaji anawasiliana na mzazi wake, safari haina ulazima. Akagonga muhuri wa miezi sita mingine, akamwita anayefuata.

Saa sita alikuwa ameshafika nyumbani, ameketi kwenye kochi na buibui lake mwilini. Bakiri alimwangalia usoni, akamletea maji. Ilipofika saa sita na dakika kumi na nane, spika ya nyuma kushoto ikakohoa.

"Haya, mwanangu, nenda kaombe. Mie natandika kitanda. Nimekutolea shuka ile ya maua."

Mwanaharusi akaivuta maikrofoni karibu.

"Tandika, mama," akasema. "Ila usiharakishe."