Kompyuta Iliyompigia Binti Yangu Ramli

Maneno niliyasikia saluni, nina povu kichwani: eti kazini kwa binti yangu kuna kompyuta inayosema nani atafika mbali na nani ataishia njiani. Nilicheka na wenzangu, lakini neno likanikaa kama mwiba. Binti yangu anaandika programu za simu, na sina mwingine.

Jioni nikamuuliza.

"Ipo, mama. Inatutabiria miaka kumi mbele."

"Kumbe mmeajiri mpiga ramli. Ubani mmeshamnunulia?"

Akacheka. "Inahesabu kazi ambazo kila mtu amemaliza."

"Wewe imekupaje?"

Akakoroga chai isiyo na sukari.

Ilimweka chini kabisa. Mwanangu huketi na wenzake akiwatafutia makosa yaliyojificha kwenye programu zao. Kosa likipatikana, kazi inaandikwa kwa jina la mwenye programu. Yeye katoka jasho kutwa, kompyuta inamwona kakaa bure.

"Si umwambie meneja wako?"

"Nimemwambia. Anasema ni makadirio tu, nisiyatie moyoni."

Makadirio tu. Lakini programu mpya wakaanza kupewa wale waliotabiriwa makubwa, yeye akabakiziwa kutia viraka programu kuukuu zisizotumiwa na mtu. Mwaka ulipogeuka wakapima tena, akashuka zaidi. Meneja akamwambia, "Unaona sasa? Haikukosea." Umfunge mtu miguu, halafu useme hajui kukimbia.

Hawakumfukuza. Aliacha mwenyewe. Kwingine walipotangaza nafasi nikamsihi aombe. Akanijibu taratibu, kama anayembembeleza mtoto:

"Mama, mimi si wa kufika mbali. Nilishapimwa."

Hapo ndipo nilipolia. Kazi hutafutwa ikapatikana. Hilo lililomwingia rohoni sijui atalitoa nani, maana mimi mamake nimeshindwa.

Nyinyi wenye watoto wanaosomea kazi hii, mimi niliishia shule ya msingi, lakini shikeni haya:

Mtoto asikubali kupimwa kabla hajaambiwa kinachopimwa.

Asimsaidie mwenzake bila jina lake kuandikwa. Ni uchoyo, najua. Afanye hivyo hivyo.

Akiambiwa "makadirio tu", asiamini.

Asipokee viraka mwaka mzima akingoja kuonewa huruma.

Asikae hapo mpaka wampime mara ya pili.

Nanyi msimuulize alama alizopewa na kompyuta mbele ya watu.