Wagonjwa wa Siham

Mjukuu wangu Siham aliomba nafasi ya kusomea udaktari, lakini hakuwa na la kuwaeleza wasaili wa chuo kuhusu kuhudumia watu. Nikawapigia simu majirani zangu wa mtaa wa Kilburn waje wawe wagonjwa wake. Jumamosi wakaja na sambusa, kila mmoja na ugonjwa wake wa kubuni.

"Mimi goti," akasema Bi Mardhiya.

"Goti langu hilo! Wewe chukua kizunguzungu," akadakia jirani mwingine.

"Bibi, hawa wote wazima!" Siham alicheka. Hata hivyo aliwasikiliza mmoja mmoja hadi magharibi. Bi Mardhiya alianza na kizunguzungu cha uongo, akaishia kumlilia marehemu mumewe kwelikweli. Siham akamshika mkono, asiuachie.

Siku ya usaili nilingoja nje ya mlango, uliokuwa wazi kidogo. Nikawasikia wasaili wakimuuliza amejifunza nini kwa wagonjwa wake.

"Kwamba mtu anaweza kuja na ugonjwa wa uongo, na bado akawa anaumwa."

Nikasikia kiti kikivutwa, na profesa mmoja akaanza kueleza habari za goti lake. Wenzake wakapanga foleni nyuma yake.

Wa mwisho, akijifuta machozi, ndiye aliyekumbuka kumwambia Siham kwamba nafasi amepata.