Mwito wa Ghalani

Asubuhi Dada Mkubwa aliangusha sufuria jikoni, na mlio wake ukafika mchana, familia ikiwa imeketi kula. Hakuna aliyeshtuka. Mume wake, fundi viatu, alishika bilauri yake isimwagike, akaendelea kutafuna.

Nyumba yao ilikuwa hivyo tangu ajali. Maneno ya kawaida yalifika kwa wakati wake. Sauti kali ndizo zilizochelewa. Mgeni akigonga mlango kwa nguvu asubuhi, walimfungulia jioni. Ugomvi ndio ulikuwa kazi. Fundi viatu alifoka siku moja, akatubu, wakapatana vizuri, na kesho yake makelele yake yakaingia sebuleni wakati wakwe wapo. Tangu hapo akawa mpole kama maji mtungini.

Zamani Dada Mkubwa alipanga marobota ya nguo katika ghala la kiwanda. Huko aliye juu ya rundo haangushi kitu kabla hajaita "Mzigo!" na aliye chini hajajibu "Shusha!" Siku ile robota lilimfika kichwani bila yeye kujibu lolote. Alizimia kidogo, akapewa maji na vidonge, akamaliza zamu. Msimamizi, ambaye ndiye aliyekuwa juu, aliapa kwamba aliita. Basi kosa likawa la masikio ya Dada Mkubwa, na kiwanda hakitibu mtu asiyesikia anapoonywa.

Miaka ikapita. Kichwa kilimuuma, mwanga ulimchoma, majina ya watu yalimponyoka katikati ya salamu. Zahanati moja ilisema ni presha, nyingine macho, nyingine mawazo. Muuguzi mmoja alisema anadeka. Dada Mkubwa aliwajibu wote kwa adabu.

"Kichwa changu kinajua kilichokipata," alisema. "Ninyi ndio hamjaambiwa."

Hatimaye daktari mmoja akampiga picha ya kichwa, akamwonyesha mahali kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hili ni jeraha la ubongo. La siku nyingi. Miaka yote hii ulikuwa unaumwa kweli."

Dada Mkubwa alilia kwa furaha pale pale, bila kujifunika uso.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema fundi viatu, aliyekuwa akingoja kwa miaka nafasi ya kuutumia msemo huo.

Daktari akaeleza kwamba sauti za siku ile zilikuwa zimekwama nyuma ya kovu. Kwa dawa atakazompa zingelegea, labda kufikia Jumamosi. Dada Mkubwa akamwalika msimamizi. Kama mwito haukuwapo, kiwanda kingelazimika kumtibu. Msimamizi alijua asipokuja watu watasema anaogopa, kwa hiyo alikuja, amenyoa vizuri, akapewa kiti chenye mto.

Sauti zilianza chai ikimiminwa. Magurudumu ya mkokoteni yalikatiza sebuleni. Wafungaji wa marobota waliimba. Kisha mwanamke akacheka, kicheko kinene cha mtu asiyeumwa popote.

"Huyo nani?" aliuliza binti yao.

"Mimi."

Binti alikuwa hajawahi kukisikia. Aliweka kikombe chini, akamshika mama yake mkono.

Kikaja kishindo. Vikombe viliruka na vumbi la dari likaangukia sukari. Wote wakangoja. Kimya kilikaa muda wa kutosha mtu kukunja shuka. Ndipo sauti ya msimamizi, ya ujana wake, ikaita kwa nguvu, "Mzigo!"

Msimamizi akashusha pumzi.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Niliita."

"Baada ya kuangusha," alisema fundi viatu.

"Shemeji, niliita au sikuita?"

Fundi viatu alimtazama mkewe. Dada Mkubwa alikuwa ametulia, na moyo wake ulikuwa mweupe kuliko siku zote za karibuni.

"Uliita," alisema. "Na mimi sikuwa kiziwi. Kunywa chai, itapoa."

Msimamizi akapuliza vumbi juu ya chai, akanywa, akampa kila mtu mkono, akaenda zake. Jumatatu kiwanda kilitoa uamuzi wake. Hakitamtibu: mwito ulitolewa, na mashahidi ni familia ya mgonjwa mwenyewe.